Kiasi Gani? Mwongozo wa kutengeneza programu ya simu inayomfundisha kupika asiyejua kabisa

Kila muhula unapoanza hapa Dodoma, maswali ni yaleyale. Wanauliza wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na siku hizi wanauliza hata watumishi waliohamishiwa huku familia zikabaki Dar es Salaam: "Nataka kutengeneza programu ya mapishi. Nianzie wapi? Nitumie lugha gani ya kompyuta? Video niziweke wapi?" Nimejibu mmojammoja mpaka nimechoka. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Maswali hayo yana majibu, lakini siyo ya kuanzia. La kuanzia analijua kila aliyewahi kusimama jikoni pembeni ya mama yake. Mama anasema, "Tia chumvi kiasi." Unauliza, "Kiasi gani?" Anajibu, "We tia tu, utaona." Yeye anaona kweli, maana mkono wake umetia chumvi miaka thelathini. Wewe huoni kitu. Programu yako ina kazi mbili: kumwambia mtu ni kiasi gani, na kumwambia atajuaje kuwa tayari. Ukiziweza hizo, mapishi sita yanatosha. Usipoziweza, weka mapishi mia tano. Mtu atafungua, atatazama picha, atameza mate, kisha atafunga na kwenda kununua chipsi mayai.

Nazungumzia programu ya Android inayotengenezwa na mtu mmoja au wawili wasio na mtaji. Msimbo, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, nitaugusa pale tu ambapo mambo ya jikoni yanaulazimisha uwe wa aina fulani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mpishi mmoja hodari ambaye hajawahi kumfundisha mtu kwa maandishi. Mama, shangazi, au mama ntilie unayekula kwake kila siku. Usimchukue aliyesomea upishi hotelini. Huyo atakuletea oveni na mizani ya kitaalamu.
- Watu watano wasiojua kupika. Kwenye mageto ya wanafunzi hawakosekani.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.
- Kikombe cha chai cha kawaida, kijiko cha chakula, kijiko cha chai, sufuria mbili, mwiko na kisu.
- Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, na jiko la mkaa. Yote mawili.
- Simu ya bei ya chini, iliyokwishatumika mwaka mmoja au miwili, yenye memori iliyojaa picha na video za magrupu. Simu yako nzuri iweke mfukoni.
- Karatasi za manila, kalamu ya wino mzito na mkasi.
- Kompyuta. Hii utaihitaji kuanzia hatua ya 8, kwa hiyo kama bado unachangisha, usisubiri.

Hatua

1. Mchague mtu mmoja na umjue chumba chake

"Watanzania wote" siyo mtumiaji. Chukua, kwa mfano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepanga chumba kimoja Ng'ong'ona. Ana jiko lenye moto mmoja, sufuria mbili, hana friji, na bando analonunua ni la siku. Nenda ukae chumbani kwake saa moja uangalie. Vitu hivyo vinne tu vinakuamulia nusu ya programu.

Moto mmoja maana yake hawezi kupika wali na mboga kwa wakati mmoja. Kwa hiyo programu imwambie kipi kitangulie: mboga iungwe kwanza, iepuliwe na kufunikwa, ndipo wali ubandikwe. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na mtu mwenye jiko la moto minne na hata hajui kwamba ameandika hivyo. Kukosa friji maana yake vipimo viwe vya mtu mmoja au wawili, siyo vya familia ya watu sita. Bando la siku maana yake kila kitu kikae ndani ya simu.

2. Chagua mapishi sita, yapange kwa ufundi

Usipange kwa "vitafunwa", "chakula cha mchana", "vinywaji". Mpangilio huo unamfaa anayejua kupika na anatafuta cha kupika leo. Anayeanza anahitaji ngazi, kila chakula kimfundishe jambo litakalotumika kwenye kinachofuata. Mimi napanga hivi:

Chai ya maziwa inamfundisha kubandika, kuchemsha na kutobanduka jikoni, kwa sababu maziwa hayasubiri mtu. Mayai ya kukaanga yanamfundisha mafuta na kupunguza moto. Mchicha au chainizi unamfundisha kuunga: kitunguu, nyanya, chumvi. Hapo usikimbie. Kuunga ndiyo mlango wa nusu ya mboga zetu, na anayejua kungoja kitunguu kibadilike rangi na nyanya iive mpaka mafuta yajitenge, huyo amekwishajua mchuzi wa maharage, wa nyama na wa dagaa. Kisha wali, unaofundisha maji na kufunika. Kisha ugali, unaofundisha mkono. Mwisho maharage, yanayofundisha kujipanga tangu jana yake.

Ukishafika hapo ongeza vya kwetu: ugali wa uwele na mlenda wa kukausha wenye karanga. Ila picha ya ugali wa uwele iweke mwanzoni kabisa. Rangi yake ni ya kijivujivu, na mtu aliyekulia kwenye sembe akiiona sufuriani anadhani ameshaharibu.

3. Pima mkono wa mpishi

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo yenye mali. Ukimuuliza mama ugali wa watu wawili unataka unga kiasi gani, atakutajia namba ya kukuridhisha tu. Hapimi, hajawahi kupima. Usimuulize. Mpime wakati anapika.

Weka mfuko wa unga kwenye mizani kabla hajaanza, andika. Mwache apike anavyopika siku zote. Akimaliza, pima mfuko tena. Tofauti ndiyo unga alioutumia. Fanya vivyo hivyo kwa kopo la chumvi, chupa ya mafuta na jagi la maji. Mtu asimpe kikombe wala kijiko, maana akishika kijiko tu anaanza kupika kwa adabu na vipimo vinabadilika.

Rudia siku tatu tofauti. Tuseme umepata unga gramu 280, 300 na 330. Usikasirike kwamba hazilingani. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Inakuonyesha kwamba ugali unasamehe, na kwamba unga wa mwisho unatiwa kwa kuangalia. Kwa hiyo kwenye programu unaandika: tia kwanza gramu 280 (geuza ziwe vikombe kwa kutumia kikombe chako), halafu ongeza kidogokidogo mpaka uone ishara fulani. Chumvi ukiipima utaona haisamehi hivyo. Hapo toa kipimo kimoja, tena cha chini, kwa sababu njia ya kuongeza ipo na ya kupunguza haipo.

Wakati anapika, mrekodi sauti. Utasikia maneno ambayo hakuna mpishi angekuandikia: "sikia sasa hivi inavyolia", "harufu ya unga mbichi imeondoka", "ona inaachia sufuria". Hayo yaandike kama yalivyo. Ndiyo programu yako.

4. Andika kila hatua ya mapishi kwa sehemu sita

Kila kitendo kiwe na: kitendo chenyewe, kipimo, moto, ishara ya kuendelea, muda wa kuanza kuangalia, na kosa la kawaida pamoja na dawa yake. Mfano wa hatua moja ya wali:

- Kitendo: Maji yakichemka, tia mchele, koroga mara moja, funika.
- Kipimo: Mchele kikombe 1, maji vikombe 2. Mchele mpya hutaka maji pungufu kidogo.
- Moto: Gesi, punguza mpaka ncha za moto ziwe fupi. Mkaa, ondoa makaa nusu.
- Ishara: Maji hayaonekani tena juu, kuna vitundu vidogo, na mlio wa kuchemka umegeuka kuwa wa kukaukia.
- Anza kuangalia: dakika ya 12.
- Kosa: Kufunua na kukoroga kila dakika. Dawa: funika, mikono nyuma.

Ishara ni kubwa kuliko dakika, na hapa Dodoma tuna sababu ya ziada. Mji uko karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 96 badala ya 100. Maharage yaliyoiva Dar es Salaam kwa muda fulani yatakuchelewesha hapa, na Iringa, iliyo juu zaidi, yatakuchelewesha zaidi. Juu ya hayo kuna maji ya kisima magumu, ambayo nayo huchelewesha maharage kulainika. Mtu akifuata dakika za mapishi ya pwani atakula maharage yanayogongana mdomoni, kisha atasema programu yako ni ya uongo.

Kwa hiyo kengele yako isiseme "imeiva". Iseme "njoo uangalie".

Kuhusu moto: usikubali kuandika "moto wa wastani" peke yake. Kwenye gesi unazungusha kitasa. Kwenye mkaa hakuna kitasa. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini leo hii chumba cha jirani yako bado kina gunia la mkaa. Muulize mtumiaji mara moja tu, siku ya kwanza, anapikia nini, kisha programu imwonyeshe maelekezo ya jiko lake pekee.

5. Safisha lugha

Kiswahili cha jikoni kina mitego, na aliyekulia jikoni haioni. Nilimpa kijana mmoja maelekezo yaliyosema: "Kitunguu kikiwa cha kahawia, tia nyanya, kisha unga." Akanyanyuka, akachukua sembe, akamimina kwenye nyanya. Sikuweza kumlaumu, alifuata nilichoandika. Tangu siku hiyo siandiki "unga" kama kitendo bila kueleza ni kufanya nini.

Mitego mingine: "pika saa moja" inaweza kusomwa kuwa mpaka saa moja jioni, kwa hiyo andika dakika 60. "Kijiko" bila kusema cha chai au cha chakula kinaongeza chumvi mara tatu. "Bandika" wengine wanasema "injika", na kuna watakaofikiria gundi. "Chambua mchele" kwa anayeanza halina maana yoyote mpaka umwonyeshe jiwe. Neno lolote la jikoni liwe la kugusika: akiligusa, litokee picha na sentensi moja. Usilitoe, maana naye anapaswa kulijua siku akienda kwao.

6. Weka mambo ya usalama ndani ya hatua, siyo ukurasa wa pembeni

Ukurasa wa "Tahadhari" haufunguliwi na mtu. Onyo likae kwenye skrini ileile ambapo hatari inatokea, kabla ya kitendo.

Gesi: kiberiti kiwake kwanza, ndipo ufungue. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya taa. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe siyo kwa moto.

Mkaa: Juni na Julai Dodoma ina baridi ya kutosha kumshawishi mtu aingize jiko chumbani afunge dirisha. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu. Swali la kwanza kwa anayetumia mkaa liwe: "Jiko liko nje au penye hewa?" Asipojibu ndiyo, hatua isiendelee. Hapa najua unaambiwa usimkere mtumiaji. Mkere.

Maharage: yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Karanga na mahindi: mwaka 2016 watu walipoteza maisha hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Kwenye mlenda wa karanga, weka hatua nzima ya kuchambua, na picha: zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zinatupwa, hazipewi kuku. Andika wazi kwamba kuchemsha wala kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Kiporo: najua wali kiporo na chai ya rangi ni utamu wa asubuhi. Lakini wali uliolala sufuriani bila friji unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo haiondoki hata ukiupasha moto. Ndiyo maana vipimo viwe vya kula na kumaliza.

7. Chora kwenye karatasi, umjaribu mtu anapika

Kata manila vipande vyenye ukubwa wa simu. Kila kipande ni skrini moja, na kila skrini ni kitendo kimoja. Ukiona umeandika "kisha" ndani ya skrini, kuna uwezekano umebana skrini mbili.

Juu weka picha, katikati sentensi moja kwa herufi kubwa, chini yake ishara ya kuendelea, na mwisho vitufe viwili tu: "Tayari" na "Nimeharibu!". Kitufe cha "Tayari" kichukue upana wote wa kioo. Mtu ana unga vidoleni. Vitufe vidogo vya pembeni vitamshinda. "Nimeharibu!" ndicho kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Akikigusa anapata makosa matatu ya hatua hiyohiyo na dawa zake, basi. Wali una kiini: nyunyiza vijiko vichache vya maji ya moto, funika, moto mdogo. Umeungua chini: usikoroge, hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine. Chumvi imezidi: ongeza nyanya au maji na wingi wa mboga. Ile habari ya kutumbukiza kiazi kinyonye chumvi usiiandike. Kiazi hunyonya maji yenye chumvi, kilichobaki bado kina chumvi ileile.

Sasa mpe mmoja wa wale watano vyakula na vipande vyako, umwonyeshe kimoja kimoja kila anaposema "tayari". Wewe kaa kimya. Ni vigumu kuliko unavyofikiri. Utatamani kusema "siyo hivyo!" Uma ulimi. Andika kila anaposimama, anaporudi nyuma, anapokutazama. Ingilia kati tu kama ataungua au kuunguza nyumba.

Rekebisha, nenda kwa wa pili. Ukifika wa tano, karatasi za mwanzo zitakuwa kwenye pipa, na hiyo ndiyo bei nafuu ya kukosea.

8. Picha na sauti

Video usianze nazo. Piga hesabu: dakika moja ya video ya ubora wa chini kidogo hufika megabaiti 7 hivi. Picha moja yenye upana wa pikseli 720 katika muundo wa WebP (aina ya faili la picha lililobanwa) ni kama kilobaiti 50, na sauti ya sekunde 10 iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kilobaiti 40. Pishi lenye hatua nane, kila moja na picha tatu na sauti, halifiki megabaiti mbili. Mapishi yako yote sita yanakuwa madogo kuliko video moja ya dakika mbili, na hayahitaji bando.

Picha piga mchana karibu na dirisha, kwenye sufuria iliyochoka, siyo mpya inayong'aa. Piga kile ambacho jicho la mpikaji linaona akiwa amesimama, yaani kutoka juu. Kwa kila ishara piga picha tatu: bado, sasa, umechelewa. Kitunguu kibichi, kitunguu cha dhahabu, kitunguu kilichoungua. Itabidi uunguze kwa makusudi. Mpishi wako atakusikitikia, mweleze mapema.

Sauti irekodiwe na mtu, tena yule mpishi akikubali. Lipa. Na umwombe ruhusa kwa maandishi, kwa sauti na kwa mapishi yake.

9. Andika msimbo

Lugha gani? Unayoijua. Kama hujui yoyote, Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu, inayotumia lugha ya Dart) inatosha kabisa kwa kazi hii. Mapishi yaweke kwenye faili ndani ya programu, yenye zile sehemu sita za hatua ya 4, ili kuongeza pishi jipya kusihitaji kugusa msimbo. Kuunga kuandike mara moja kama kipande kinachojitegemea, kisha mapishi mengine yakiite.

Mambo matatu yasisahaulike. Kwanza, kioo kisizime wakati mtu yuko ndani ya pishi. Hakuna anayetaka kuweka namba ya siri kwa vidole vya ugali. Pili, programu ikumbuke hatua aliyofikia, kwa sababu katikati ya kupika atapigiwa simu na simu yenye memori ndogo itaifunga programu yako iliyobaki nyuma. Tatu, kengele: kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa ya kutuma arifa, na kuanzia Android 12 kengele ya wakati kamili ina ruhusa yake ya pekee. Ziombe anapoanza pishi la kwanza lenye kengele, ukieleza kwa sentensi moja kwa nini.

Usimtake mtu ajisajili. Namba ya simu unaitakia nini ili umfundishe kuchemsha chai? Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Ambacho hukukikusanya hakitakutia matatani.

Orodha ya manunuzi iwe kwa lugha ya Soko la Majengo: fungu moja la nyanya, kitunguu kimoja, mafuta ya alizeti ya kupimiwa. Bei usiziandike. Nyanya ya Machi siyo nyanya ya Oktoba.

10. Itoe

Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 mara moja tu. Kwa akaunti mpya ya mtu binafsi utatakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 walioungana na toleo la majaribio kwa siku 14 mfululizo. Wengi hukwama hapo kwa mshangao, kumbe ukianza na wale watano na marafiki zao wa hosteli, unao tayari. Waambie wasiiondoe kabla ya siku kutimia.

Yanayokwama mara kwa mara

*Kengele hailii kioo kikizimwa.* Simu nyingi za bei ya chini huua programu zilizo nyuma ili kulinda chaji. Ijaribu kwenye ile simu ya zamani. Weka maelezo ya picha ya namna ya kuiruhusu programu kwenye mipangilio ya betri, na hata hivyo zile ishara ziwe wazi kiasi kwamba kengele isipolia chakula hakiungui.

*Watu wanapakua, wanapika chai, hawarudi.* Angalia pishi la pili. Mara nyingi linahitaji kitu ambacho hawana, kama kikaango. Mayai yanakaangika kwenye sufuria, sema hivyo.

*Wali wa kila mtu unatoka tofauti.* Vikombe. Kikombe cha mmoja ni mara moja na nusu ya mwenzake. Haijalishi, mradi mchele na maji vipimwe kwa kikombe kilekile. Iandike kwenye skrini ya kwanza kabisa ya wali.

*Wanalalamika chumvi imezidi wakati kipimo ni kidogo.* Uliza maji wanayotumia. Kuna visima huku ambavyo maji yake tayari yana chumvichumvi. Weka hatua ya kuonja maji kabla, na chumvi itiwe nusu kwanza.

*Ugali una madonge.* Karibu kila mara wametia unga wote kwa mkupuo kwenye maji yanayochemka. Rudisha hatua ya uji: unga kidogo ukorogwe kwenye maji ya baridi, utiwe, uchemke, ndipo unga mwingine ufuate. Kama hatua hiyo ipo na bado yanatokea, nenda ukamwangalie mtu akisonga. Kwa wawili niliowaangalia mimi, shida haikuwa maandishi wala picha: simu ilikuwa mkono wa kulia, mwiko wa kushoto, na sufuria haikushikwa na mtu. Niliongeza skrini moja kabla ya kusonga, yenye maneno matano: "Weka simu chini. Shika sufuria."